Si kila kasoro ya kiapo cha kichawi ni mwanya

Siku hizi wasomaji wa riwaya za fantasia wanaita kila kitu mwanya. Shujaa kakwepa kiapo: mwanya. Viapo viwili vimegongana: mwanya. Mwandishi kasahau sharti aliloliweka mwenyewe: mwanya pia. Hapana, jamani.

Kiapo cha kichawi ni ahadi inayojilinda yenyewe: ukiivunja, uchawi unakuadhibu bila hakimu wala shahidi. Mwanya ni kutimiza maneno ya kiapo huku ukikwepa lengo lake. Mchawi aliyeapa kutomwinulia mfalme mkono, akakaa kakunja mikono akimtazama anavyokunywa sumu, huyo kapata mwanya.

Katika visa vya Kihindu, Hiranyakashipu, mfalme wa mapepo, alimwomba mungu Brahma asiuawe na mtu wala mnyama, ndani wala nje, mchana wala usiku, ardhini wala angani, wala kwa silaha. Akapewa. Mungu mwingine, Vishnu, akamjia kama Narasimha, nusu mtu nusu simba, jua likizama, akamlaza mapajani pake kizingitini mwa mlango, akamrarua kwa kucha. Pitia sharti moja moja: hakuna lililovunjwa. Watu hudhani mwanya ni udhaifu wa kiapo, kumbe unataka kiapo kiwe imara mpaka neno la mwisho. Kama ahadi ya Brahma ingeweza kupuuzwa, ya nini kungoja magharibi?

Mgongano ni kinyume chake kabisa, na hapa ndipo uchanganyaji unaponiudhi hasa. Cú Chulainn, shujaa wa hekaya za Ireland, alifungwa na miiko miwili: asile nyama ya mbwa, na asikatae chakula anachokaribishwa. Vikongwe wachawi wakamkaribisha mbwa aliyebanikwa. Akila, kavunja mmoja. Akikataa, kavunja wa pili. Akala, na mkono ulioshika nyama ile ukaishiwa nguvu. Akaingia vitani hivyo hivyo, akauawa. Hapo hakuna pa kupenyea, hata uyasome maneno ya miiko ile mara ngapi. Kinachobaki ni mtu kuchagua adhabu atakayoibeba, na uchaguzi huo unatuonyesha yeye ni nani. Mwandishi akijenga mgongano wa namna hii kisha akamtorosha shujaa kwa kucheza na maneno, amelitupa tukio zito kuliko yote aliyokuwa nayo.

La tatu halina uchawi ndani yake. Mhusika kaapa kutunza siri, kaimwaga hadharani, hakuna kilichompata, na hadithi inaendelea kana kwamba hakuwahi kuapa. Hilo ni la mwandishi. Kwa hiyo kabla hujasema mwanya, rudi kwenye ukurasa wa kiapo usome maneno yenyewe. Kama yalitimia, uko sawa. Kama yalivunjwa na adhabu haikuja, iite kasoro, hata kama riwaya yenyewe unaipenda.