Ukimuuliza mkaazi wa Mji Mkongwe kuhusu uhifadhi, atakuonesha dari

Kazi yangu ni kukagua nyumba za zamani za Mji Mkongwe, Unguja, kabla hazijafanyiwa matengenezo. Napanda ngazi, nagonga kuta, nachoma ncha za boriti kwa kisu nione kama kinazama. Chumbani mwa mtu huingii kimya kimya, lazima mzungumze kwanza, na kwa njia hiyo maoni ya wakaazi nimeyasikia mengi kuliko yanayofika kwenye ripoti. Ripoti hupenda kuwagawa watu mafungu mawili: wanaotaka mji ubaki ulivyo na wanaotaka maendeleo. Mafungu hayo mimi sijayaona. Nimewaona wenye paa linalovuja na wenye paa zima, na wanachokisema juu ya madirisha ya mbao na rangi za kuta hutegemea wako upande upi.

Ili uelewe kwa nini, lazima uijue nyumba yenyewe. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe, nene nusu mita na zaidi, zilizoshikanishwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Juu ya kuta hulazwa boriti za mikoko, zikifuatana karibu karibu, kisha mawe na chokaa, na hiyo ndiyo sakafu ya ghorofa ya juu. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, kama mita tatu hivi, kwa hiyo vyumba vingi ni vyembamba na virefu. Kijana anayeoa na kutaka kubomoa ukuta wa kati apate ukumbi wa kisasa huwa hajui kwamba ukuta ule ndio uliobeba dari yake na ya jirani wa juu.

Matumbawe hunywa maji. Ukuta wa namna hii hulowa wakati wa masika na kukauka kiangazi, na chokaa huuruhusu kupumua. Ukiupiga plasta ya saruji, unyevu unabaki ndani pamoja na chumvi yake. Chumvi ikikauka hugeuka punje, punje hizo husukuma, na chokaa cha zamani ndani ya ukuta huwa unga. Kwa nje utaona ukuta mzuri, laini, umenyooka. Miaka michache baadaye plasta inatoa tumbo, na ukiigonga inalia kama debe tupu. Wakati huo ncha za boriti zilizozikwa ukutani zimeshaoza.

Wakaazi wengi hili wanalijua, tena bila ya kufundishwa na mtu. Lakini mfuko wa saruji unauzwa kila duka la vifaa, fundi anaupiga leo na kesho anapaka rangi. Chokaa kinataka kuchomwa tanuuni, kuzimwa kwa maji, kulazwa shimoni kwa wiki kadhaa, halafu kinataka fundi mwashi anayejua kukipiga tabaka kwa tabaka na kukisubiri. Bibi mmoja wa Kajificheni, mpangaji, alinisikiliza nikimweleza haya yote mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Mwanangu, na hicho chokaa utaninunulia wewe?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo naona swali lake ni la kiufundi kuliko mengi yanayoulizwa mikutanoni.

Mpangaji. Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wenye nyumba wengi waliondoka, Waarabu na Wahindi, nyumba zikataifishwa, na familia kutoka mashamba, Pemba na Ng'ambo, upande wa pili wa mji huu, zikapewa vyumba. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya ukoo mmoja ikawa na familia nne, tano. Kila familia ikahitaji jiko na choo, mabomba yakapitishwa kwenye kuta zisizotaka maji. Nyingine ni za wakfu, nyingine za serikali, nyingine za warithi kumi na tano waliotawanyika Muscat, Dubai na London ambao hawajakubaliana hata nani abaki na ufunguo. Anayelala chini ya dari inayovuja mara nyingi si mwenye dari. Kodi anayolipa ni ndogo, kwa hiyo anaogopa kulalamika asije akahamishwa, na hawezi kutia pesa zake kwenye nyumba isiyokuwa yake. Ukimwambia mtu wa hali hii kwamba UNESCO iliuingiza mji wake kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, atakuitikia kwa adabu.

Halafu kuna matangi, ambayo hayana nafasi kwenye picha za watalii. Maji ya bomba hayatoki kila saa, kwa hiyo kila nyumba ina tangi la plastiki juu. Tangi la lita 2,000 likijaa ni tani mbili, na limekaa juu ya boriti zilizopangwa na mafundi ambao hawakuwahi kuliota. Sheria za uhifadhi huliona tangi kama uchafu wa mandhari. Mimi naliona kama mzigo, na mwenye nyumba analiona kama maji ya kutawadhia alfajiri. Sote watatu tuko sawa, ila mzigo ndio utakaoua mtu.

Na mtu anaweza kufa kweli. Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020 likiwa katikati ya ukarabati uliofadhiliwa na Oman, na watu wawili walipoteza maisha. Kwa miezi kadhaa baada ya hapo kila nilipogonga mlango niliulizwa swali lile lile: kama jumba la Sultani limeanguka na mafundi wako ndani, hii yetu je?

Lalamiko la pili nilisikialo sana linahusu haki. Mkaazi anaambiwa asiongeze ghorofa, asitie dirisha la alumini, asitoboe ukuta kwa ajili ya kiyoyozi. Halafu anatazama Shangani, jengo la Mambo Msiige lilivyogeuzwa hoteli kubwa, iliyofunguliwa 2015, na pembeni yake likaongezwa jengo jipya ambalo hata Kamati ya Urithi wa Dunia ililitilia wasiwasi. Najua majibu ya kitaalamu: jengo la zamani limepata matumizi, limepata pesa, halitaanguka. Majibu hayo ni ya kweli. Hayamsaidii aliyenyimwa kibali cha chumba kimoja juu ya paa kwa ajili ya mwanawe.

Wauza vinyago na kanga wana maoni yao pia, wanataka kutundika bidhaa mpaka kwenye roshani. Hao siwatetei.

Kama ningeulizwa, ningeanza na maji: paa, mifereji, mabomba ya vyoo, kisha matangi yateremshwe chini na kuwekewa pampu. Mambo haya hayaonekani barabarani, hayapigwi picha, na hakuna kiongozi anayekata utepe kwa ajili ya mfereji. Pia ningetaka pawe na shimo moja la chokaa kilichokwishalazwa, ambapo mpangaji anaweza kununua ndoo mbili kwa bei isiyozidi saruji. Milango ya nakshi ingesubiri. Mingi ni ya mbao ngumu na imeshavumilia zaidi ya miaka mia.

Kama unakaa Mji Mkongwe na unasoma haya, panda juu kabla ya masika. Angalia paa linapokutana na ukuta, toa majani kwenye mfereji, na ung'oe mche wowote wa mtini uliojiotea kwenye ufa ukiwa bado mdogo, kwa sababu ukishapata unene wa kidole gumba mizizi yake iko ndani ya ukuta na kuung'oa ni kazi ya fundi. Dirisha tutalizungumza baadaye.