Je, wajua? Kwa nini mwenye nyumba hutozwa ushuru hata asipopata faida

Wenye nyumba wengi nchini Kenya huamini kwamba mwaka uliomezwa na mafundi, rangi na riba ya benki haudaiwi ushuru: faida haipo, basi KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, haina cha kudai. Sivyo. Tangu Januari 2016, ushuru wa nyumba za makazi za kupangisha hupigwa kila mwezi kwenye kodi yote iliyopokelewa kwa wapangaji, kabla ya kutoa gharama hata moja. Kiwango kilikuwa asilimia 10. Sheria ya Fedha ya 2023 ikakishusha hadi 7.5 kuanzia Januari 2024. Unamhusu mkazi wa Kenya anayepokea kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Maduka na ofisi hazimo.

Ni kama ushuru wa soko. Mwenye viazi hulipia kila gunia langoni. Karani haulizi vilinunuliwa kwa bei gani wala kama vitaoza kabla ya jioni. Gunia linaonekana, faida haionekani. Kodi nayo ni rahisi kuijua, ilhali risiti za mafundi zingebidi zikaguliwe moja moja.

Lakini sheria imeacha mlango wa pili, na hapo ndipo hesabu inaponoga. Mwenye nyumba anaweza kumwandikia Kamishna wa KRA akiomba kutozwa kwa faida, kupitia ritani (taarifa ya mapato) ya mwaka. Tuseme anapokea 100,000 kwa mwezi: ushuru wa kawaida ni 90,000 kwa mwaka. Gharama halali zikiwa 900,000, faida ni 300,000. Kama mshahara wake tayari umefika ngazi ya asilimia 30 ya ushuru wa mapato, kwa njia ya faida atalipa 90,000 zilezile. Mpaka wenyewe basi ni robo ya kodi: faida ikizidi hapo, njia ya kila mwezi ni nafuu; ikipungua, aandike barua. Asiye na mapato mengine huanzia ngazi za chini, kwa hiyo katika mfano huu mpaka wake hukaribia nusu ya kodi.

Tahadhari: riba ya mkopo wa nyumba hiyo huhesabiwa kuwa gharama, lakini fedha zinazopunguza deni lenyewe hazihesabiwi. Mtu anaweza kubaki mikono mitupu na bado, kisheria, akawa na faida. Na mwezi ambao nyumba haikuingiza kodi hauna ushuru, ila ritani ya sifuri lazima iwasilishwe kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata.