Mashine inayoongea haijafa: BIOS, betri ya saa na chipu ya miguu minane

Wiki mbili kabla ya Sabasaba, Arusha ikiwa imeshaingia kwenye baridi ya kuvaa koti mchana kweupe, chalii mmoja aliingia kwenye kibanda changu Mianzini na mpakato kwenye begi la mgongoni. "Kaka, hii imekufa bodi. Nimeambiwa laki tatu na nusu." Aliyemwambia ni fundi mwenzangu, simtaji. Chalii anafanya kazi kwenye ofisi ndogo ya utalii huko Sakina, msimu wa wageni ulikuwa umeshaanza, na ratiba zote za magari zilikuwa humo ndani.

Nikabonyeza. Taa ya umeme ikawaka, feni ikazunguka, kisha taa ya Caps Lock ikaanza kupepesa. Kioo cheusi, hata nembo haikutokea.

BIOS, ambayo Kiswahili cha vitabuni kinaiita programu dhibiti, inakaa kwenye chipu yake yenyewe juu ya bodi, mbali kabisa na diski yenye Windows. Ukiwasha mashine, prosesa haijui lolote: haijui ina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) kiasi gani, haijui kama kuna kioo, diski haiioni. Amri ya kwanza kabisa inaitoa kwenye chipu ile. BIOS ndiyo inayoamsha RAM, inayowasha kioo na kuhesabu vilivyomo, ndipo inaiachia Windows usukani. Mashine za siku hizi zinatumia UEFI, mrithi wa ile BIOS iliyokuja na kompyuta ya IBM mwaka 1981, ila kijiweni bado tunasema BIOS, na hapa nitasema hivyo hivyo.

Ndiyo maana nina kipimo kimoja ninachoanza nacho: mashine inayoongea, BIOS yake haijafa. Ukiona maandishi yoyote kwenye kioo, hata kama ni "No bootable device", anayekuandikia maneno hayo ni BIOS mwenyewe. Amefika mlangoni, amegonga, hakuna aliyemfungulia. Kaangalie diski, au kaangalie mipangilio.

Na mipangilio ndiyo inayowaliza watu. Kuna betri ndogo ya duara kama sarafu, CR2032, volti 3, inayoweka saa hai mashine ikiwa imezimwa. Kwenye mashine nyingi, hasa za zamani kidogo, betri hiyo ikiisha mipangilio nayo inarudi kama ilivyotoka kiwandani. Sasa, AHCI na RAID ni njia mbili za mashine kuongea na diski. Fikiria Windows iliwekwa diski ikiwa kwenye AHCI, na kiwandani mashine ilitoka ikiwa RAID. Siku betri inakata roho, Windows inatafuta diski kwa njia iliyoizoea, haiioni, inatoa kioo cha bluu na kujiwasha upya, tena na tena. Mteja anaambiwa Windows imeharibika. Diski inafutwa, picha za harusi zinakwenda nayo, na fundi akiirudisha AHCI, kesho yake tatizo linarudi, kwa sababu betri bado ni ile ile. Betri ambayo bei yake haifiki sahani ya chipsi mayai! Dalili ziko wazi: saa imerudi nyuma miaka, na kila tovuti unayofungua inalalamika kwamba cheti chake bado hakijaanza kutumika. Weka mita. Mpya inasoma 3 na chenji. Mimi ikisoma 2.7 naitoa bila mjadala.

Ya chalii haikuwa inaongea. Lakini giza peke yake halitoshi kumzika mtu. RAM iliyolegea inaleta giza lile lile, kwa hiyo nilizitoa mbili, nikapangusa meno yake kwa kifutio cha shule, nikarudisha moja moja. Nikachomoa chaja, betri kubwa na ya saa, nikashikilia kitufe cha kuwashia nusu dakika kumaliza umeme uliojificha. Giza. Ile taa inayopepesa nayo usiipuuze. Inaendeshwa na chipu nyingine ndogo inayomchungulia prosesa. Kila kampuni ina hesabu yake, kwa hiyo hesabu mapepeso, andika, kasome mwongozo wa modeli hiyo hiyo. Hesabu ya huyu ilielekea kwenye BIOS.

Kabla ya kugusa bisibisi tena, jaribu mlango wa dharura, yaani njia ya mashine kujirudishia BIOS yenyewe, maana mashine nyingi za kazini zinao. Kwenye HP unashikilia Windows na B pamoja na kitufe cha kuwashia kwa sekunde mbili tatu. Kwenye Dell unashikilia Ctrl na Esc, kisha unachomeka chaja. Ikibidi unaweka faili la BIOS kwenye flashi. Ukibahatika, umemaliza kazi bila kufungua kitu. Ya kwetu niliijaribia njia yake mara tatu. Kimya.

Ndipo nikauliza swali nililopaswa kuanza nalo. "Mara ya mwisho ilikuwaje?"

"Ilikuwa inajisasisha. Ikaandika usizime. Umeme ukakatika."

"Na betri?"

"Betri inasema asilimia 40, halafu ukichomoa chaja inazima hapo hapo."

Hapo hadithi ikakaa sawa. Watu hawajui kwamba Windows, katika masasisho yake ya kawaida, huleta pia sasisho la BIOS. Hukuomba, hukubonyeza kitu. Mashine iliuliza betri ina kiasi gani, betri ikadanganya 40, mashine ikaamini na kuanza. Na chipu hii haiandikwi kama daftari unapofuta neno moja kwa kifutio. Inafutwa vipande kwa vipande, kilobaiti 4 au 64 kwa mara moja, kila baiti inakuwa FF, yaani tupu, halafu ndipo maandishi mapya yanaingia. Umeme ukikatika katikati, kurasa za mbele ni mpya, za nyuma ni za zamani, na kati kuna uwanja mtupu.

(Kuua mashine kwa njia ya chipu hii si jambo jipya. Virusi vya CIH vililipuka tarehe 26 Aprili 1999 vikiandika takataka kwenye BIOS za watu. Sisi huku tulikuwa kwenye mapumziko ya Muungano.)

Nikafungua. Chipu yenyewe ni ndogo kuliko punje ya hindi, ina miguu minane, na nukta pembeni inayoonyesha mguu wa kwanza. Kabla ya kubana chochote nilivaa miwani nikasoma jina, kwa sababu herufi moja inatosha kuua. Winbond 25Q64FV ni ya volti 3.3. 25Q64FW, jina lile lile isipokuwa herufi ya mwisho, ni ya volti 1.8. Ukiipa ya pili umeme wa ya kwanza unaweza kuiunguza papo hapo. Hii ilikuwa FV. Kifaa cha kusomea ni CH341A, na kile cheusi cha bei rahisi kina sifa yake mbaya: nyaya za data zinatoa volti 5. Changu nimekirekebisha kwa chuma cha kulehemu. Ukinunua kipya, pima kwanza.

Betri zote nje, chaja nje. Nikabana juu ya miguu ya chipu kibanio kinachoiunganisha na kifaa, waya mwekundu upande wa nukta. Soma. Faili likaja likiwa FF tupu kuanzia juu hadi chini. Fundi mwenye haraka hapa anasema chipu imefutika na anaanza kuandika, kumbe kibanio hakijashika. Nikasugua miguu kwa spiriti, nikabana upya. Soma, hifadhi. Soma tena, hifadhi kwa jina jingine. Linganisha. Hayafanani! Nikasukuma kibanio kidogo, nikarudia mara mbili nyingine, na safari hii mafaili yakafanana baiti kwa baiti, baiti 8,388,608 kila moja. Bila kufanana siandiki hata kidogo.

Mwanzoni mwa faili kulikuwa na 5A A5 F0 0F, alama ya mashine za Intel kwamba ramani ya chipu ipo salama. Nikashuka taratibu. Kwenye eneo la BIOS nikaukuta uwanja mtupu, FF kurasa kwa kurasa, mahali ambapo faili zima la modeli hiyo lina maandishi.

Sasa, kwa nini nisichukue tu faili la mashine nyingine ya aina hiyo nikamimina lote? Wengi hufanya hivyo, na mashine huwaka, nakubali. Lakini ndani ya chipu kuna namba ya mashine, mara nyingi ufunguo wa Windows uliolipiwa, anwani ya kadi ya mtandao, na sehemu ya Intel inayoitwa ME iliyopangwa kwa bodi ile. Ukiivuruga ME unapata mashine inayowaka vizuri halafu inajizima kila baada ya dakika 30, na mteja anakurudia na maneno. Nikapakua sasisho kwenye tovuti ya mtengenezaji, nikatoa programu ya BIOS, nikaipandikiza kwenye faili la chalii bila kugusa sehemu zenye namba na funguo zake, vyote vinavyomhusu vikabaki palepale. Nikaandika, nikahakiki, nikatoa kibanio.

Nikabonyeza. Giza. Dakika nzima. Ikajizima, ikajiwasha. Giza tena. Chalii akanitazama kama mtu aliyekwishaanza kutafuta maneno ya kumwambia bosi. Nikamwambia atulie: baada ya kuandikwa upya, mashine inapima RAM kama haijawahi kuiona, na haipendi kuharakishwa. Nembo ikatokea.

Halafu kioo cha buluu, chenye utulivu: BitLocker, kufuli la Windows linalolinda diski, inaomba ufunguo wa tarakimu 48. BIOS imebadilika, diski haimtambui mwenye nyumba. Chalii akampigia bosi wake, akaniwekea simu sikioni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, vipi, imepona?"

Nikamweleza afungue akaunti ya Microsoft aliyoitumia siku mashine inanunuliwa, maana ufunguo huwa unahifadhiwa humo. Ilimchukua robo saa kukumbuka nywila. Alisoma tarakimu sita sita huku bodaboda zikipita nje, tukakosea kundi la tano, tukarudia. Windows ikafunguka, ratiba za magari zote zipo.

Laki tatu na nusu haikuhitajika. Nilimwambia chalii bei yangu na bei ya betri mpya ya mpakato, kwa sababu ile ya 40 itadanganya tena. Akalipa ya kwanza. Ya pili akasema Jumatatu. Sasa ni Agosti.