Ngalawa ikipinduka, si lazima iwe hukumu

Ngalawa ikipinduka hapa Bagamoyo, hakosekani mtu ufukweni wa kunong'ona kwamba marehemu amelipwa kwa matendo yake, na kwamba hiyo ndiyo haki ya Mungu. Wapo Wakristo wanaoliunga mkono neno hilo, ilhali Injili yao wenyewe inalikanusha. Katika Luka 13, Yesu anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, anauliza kama walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wote wa Yerusalemu, kisha anajibu mwenyewe: sivyo. Waliotakiwa kutubu ni wasikilizaji wake.

Hukumu ipo, Biblia haifichi. Ila haki ya Mungu ni pana zaidi: ni uaminifu wake kwa ahadi zake, utetezi wake kwa mjane, yatima na mgeni, na, kama Paulo anavyowaandikia Warumi, kumhesabia haki mwenye dhambi kwa imani. Tena hushuka hadi kwenye meza ya samaki, maana Walawi 19:36 inaagiza mizani ya haki. Muuzaji anayebonyeza sahani kwa kidole gumba huku akimsemesha mteja habari za bei ya changu, andiko hilo linamhusu kuliko anavyodhani.