Waziri wa jimbo kurudi bungeni si wizi wa kiti

Vikundi vya WhatsApp vya Bukavu, nchini Kongo (DRC), havichoki kusambaza dai kwamba waziri wa jimbo (yaani wa serikali ya mkoa) aliyekuwa mbunge wa jimbo hilo, akiachishwa uwaziri na kurudi bungeni, amemnyang'anya kiti msaidizi wake, yaani mbadala aliyekikalia wakati yeye ni waziri. Sivyo. Tangu Katiba irekebishwe mwaka 2011, kifungu cha 110, ambacho kwa kifungu cha 197 kinawahusu pia wabunge wa majimbo, kinasema kuwa aliyeteuliwa kwenye kazi ya kisiasa isiyopatana na ubunge husimamishiwa kiti tu, naye hukirudia kazi hiyo ikiisha. Utata unaeleweka, maana andiko la 2006, ambalo lilimpotezea kiti kabisa, bado linazunguka. Tuache basi kuutuma ujumbe huo. Mwenye shaka afungue Katiba, ahakikishe kwanza kuwa jalada linataja marekebisho ya 2011.