Prebayotiki kwa kondoo: nani hasa anazihitaji zizini

Kiangazi kikishashika kasi Uyui na Sikonge, mkoani Tabora, simu huanza kuingia: "Daktari, kuna unga nimeambiwa unasaidia tumbo la kondoo. Ninunue?" Unga wenyewe huwa umeandikwa prebayotiki, na mfugaji huwa ameambiwa tu kwamba unanenepesha. Mimi kwanza humuuliza kondoo wake wana umri gani, kwa sababu jibu linategemea umri kuliko kitu kingine chochote.

Prebayotiki ni chakula ambacho mnyama mwenyewe hawezi kukimeng'enya, ila baadhi ya bakteria wema wanaoishi tumboni mwake wanakiweza, wanakila na kuongezeka. Jina hilo lilianza kutumika mwaka 1995, watafiti Gibson na Roberfroid walipoandika kuhusu utumbo mpana wa binadamu. Kwenye vyakula vya mifugo utakutana zaidi na inulini, ambayo hutolewa kwenye mizizi ya mmea wa chikori, frukto-oligosakaridi, na ile inayoandikwa MOS kwenye lebo, inayotokana na ukuta wa chembe za hamira. Probayotiki ni kitu kingine: hizo ni vijidudu vyenyewe vikiwa hai.

Sasa, binadamu hacheui. Kondoo anacheua, na hapo ndipo mambo yanapobadilika.

Kila anachokula kondoo mkubwa hupitia kwanza rumeni, lile tumbo kubwa la upande wa kushoto. Mililita moja tu ya maji ya rumeni ina bakteria zaidi ya bilioni 10, mbali na protozoa na kuvu. Hao ndio wanaovunja nyuzinyuzi za majani na kutoa asidi za asetiki, propioniki na butiriki, na asidi hizo humpa kondoo sehemu kubwa ya nguvu anayoishi nayo. Ukimpa inulini, wenyeji wa rumeni wanaimaliza kabla haijafika utumbo mpana. Haimdhuru ikiwa kidogo, na inaweza hata kupandisha propioniki, lakini kazi iliyoandikwa kwenye mfuko haifanyiki pale ilipokusudiwa. MOS huvumilia zaidi kidogo. Ndiyo maana matokeo ya majaribio kwa kondoo wakubwa yanapishana: huku faida ndogo, kule hakuna kabisa.

Mwanakondoo anayenyonya ni habari tofauti. Anaponyonya, mfereji ulio mwishoni mwa umio hujikunja na maziwa hupita moja kwa moja hadi tumbo la nne, bila kugusa rumeni. Hadi afike wiki ya 6 au ya 8, akiwa ameanza kula majani vizuri, mmeng'enyo wake unafanana na wa mnyama mwenye tumbo moja. Kwa hiyo MOS uliyochanganya kwenye maziwa ya chupa inafika utumboni ikiwa nzima, na huko ina kazi ya kufanya. Bakteria wengi wa E. coli na Salmonella wana vinyweleo vinavyonasa sukari ya manosi iliyo kwenye ukuta wa utumbo. MOS imejaa sukari hiyohiyo. Bakteria anainasa akidhani amepata ukuta, kisha anatoka nayo kwenye mavi.

Hapa wauzaji huishia, nami nataka tuendelee hatua moja. E. coli wenye vinyweleo vya aina ya F5, wanaoharisha na kuua wanakondoo katika siku zao za kwanza, hawatafuti manosi, kwa hiyo MOS haiwanasi kwa njia hiyo. Koksidia wanaoleta kuhara damu nao ni protozoa, hawana habari na vinyweleo. Mfugaji akiniambia alimpa mwanakondoo unga na bado akaharisha, sishangai. Kinga ya siku hizo za mwanzo ni dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama. Mwanakondoo apate dang'a ndani ya saa 6 za kwanza, na ndani ya saa 24 ifikie kama asilimia 10 ya uzito wake. Aliyezaliwa na kilo 2.5 anahitaji mililita 250. Mama yake akikataa kumnyonyesha, kamua, umnyweshe kwa chupa. Hakuna unga wa dukani unaoziba pengo hilo.

Mahali ninapozipendekeza prebayotiki kwa moyo mweupe ni kwa wanakondoo yatima wanaolelewa kwa chupa, na kwa wote wakati wa kuachishwa kunyonya, kuanzia wiki moja kabla hadi wiki tatu hivi baada. Chakula kinabadilika, mama hayupo, utumbo unayumba. Wengi hukimbilia antibayotiki ya oksitetrasaiklini kipindi hiki hata kama hakuna ugonjwa, na inaniuma kila ninapoiona, maana tunawafundisha bakteria kuizoea dawa ambayo kesho tutaihitaji kweli. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibayotiki za kukuzia mifugo kuanzia Januari 1, 2006, na tangu hapo utafiti wa prebayotiki umepata msukumo mkubwa.

Turudi kwa kondoo wakubwa wa kiangazi, maana ndio wengi. Simama nyuma ya kondoo, kunja ngumi, uisukume taratibu kwenye shimo la ubavu wa kushoto, nyuma ya mbavu. Kondoo mwenye afya, rumeni itainua ngumi yako mara moja au mbili kwa dakika. Agosti na Septemba nakuta ngumi inakaa dakika mbili haijainuliwa, na tumbo limejaa majani makavu yasiyosogea. Nyasi zikikauka, protini yake hushuka chini ya asilimia 7, na chini ya hapo bakteria wa rumeni hukosa naitrojeni ya kujijenga. Bakteria hao wanalilia protini, nawe unawanunulia prebayotiki, yaani sukari ya bei ghali.

Wape mashudu ya alizeti, au majani ya lukina yaliyokaushwa kivulini. Wenye ngitili, yale malisho yaliyotengwa kwa ajili ya kiangazi, wafungue kwa zamu, wasimalize yote mwezi wa saba. Mashudu ya pamba yanapatikana Igunga na Nzega, lakini yana sumu iitwayo gosipoli, wanakondoo wasiguse. Machicha ya pombe ya kienyeji nayo nayapenda: yana protini, na yana hamira, yaani ukuta uleule unaotengenezewa MOS. Yawe ya siku hiyo, yakiota ukungu mwaga. Na kabla ya yote vuta kope ya chini ya jicho uone ndani yake. Ikiwa nyeupe, au kuna uvimbe chini ya taya, tatizo lako yumkini ni minyoo, na prebayotiki haitoi minyoo.

Kuna onyo ambalo siwezi kuliacha. Mifuko mingine ni premiksi, yaani michanganyiko ya madini na vitamini, za kuku au nguruwe zilizoongezwa prebayotiki, na ndani mna shaba. Kondoo hana uwezo wa kuitoa shaba kama wanyama wengine. Inajilimbikiza kwenye ini kimyakimya, kisha siku moja anakuwa wa manjano, mkojo mwekundu mweusi, anakufa. Kama lebo haisemi ni ya kondoo, iache dukani.

Ukiamua kununua, usiwape wote. Gawa wanakondoo wa umri mmoja makundi mawili, malisho na maji yaleyale, kundi moja lipate unga kwa kipimo cha lebo. Wapime kwa mizani ya kuning'iniza kila baada ya wiki mbili, asubuhi kabla hawajala, na andika pia nani kaharisha. Baada ya wiki sita utakuwa na jibu la zizi lako mwenyewe. Likiwa hapana, hela ya mfuko unaofuata inunue mashudu.