Deiwaka naye ni mfanyakazi

Wanafunzi wengi wa Dar es Salaam hufanya kazi pembeni ya masomo: wikiendi dukani Kariakoo, jioni mgahawani Sinza, au kwenye kibanda cha wakala wa fedha pale Mwenge. Kijana akiuliza mkataba anajibiwa, "Wewe si deiwaka tu?", yaani kibarua wa kutwa. Jibu hilo limewanyima wengi haki yao, na kisheria halina mashiko.

Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inamhesabu mtu kuwa mfanyakazi, mpaka ithibitike vinginevyo, ikiwa amemfanyia mtu mwingine kazi kwa wastani usiopungua saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Saa sita Jumamosi na sita Jumapili, kwa wiki nne, ni saa 48. Tayari amevuka. Hata asipofika hapo, kupangiwa zamu na kuelekezwa namna ya kufanya kazi ni vigezo vinavyojitegemea.

Basi alipwe kiasi gani? Kima cha chini hutofautiana kwa sekta, na viwango vipya vimeanza tarehe 1 Januari 2026. Chukua kima cha mwezi cha sekta yako, gawanya kwa 4.333 upate cha wiki, kisha gawanya kwa saa 45 za kazi za wiki. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, mwezi ni shilingi 195,000: saa moja ni shilingi 1,000. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5. Ya sikukuu hulipwa mara mbili. Sahani ya wali na nauli ya daladala ni wema wa tajiri, yaani mwajiri, usihesabiwe kuwa ndio mshahara.

Linaloumiza zaidi ni shoti, yaani pesa kupungua kwenye mauzo. Hesabu za jioni zisipolingana, tajiri anakata palepale, na pengine kijana anaondoka mikono mitupu baada ya kusimama kutwa nzima. Hii si halali. Ili akate, hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi mwenyewe, aelezwe kwa maandishi chanzo, kiasi na hesabu yake, na apewe nafasi ya kupinga. Hata hapo, makato yote kwa pamoja yasizidi robo ya malipo yake. Kama droo moja inashikwa na watu watatu, kumkata mdogo wao kwa sababu ndiye mgeni ni uonevu.

Hifadhi meseji za kupangiwa zamu na za malipo ya simu. Andika saa ulizoingia na kutoka. Ukidhulumiwa, zungumza kwanza na mwajiri. Asiposikia, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ujaze fomu ya mgogoro: ndani ya siku 30 ikiwa umeachishwa kazi, siku 60 kwa madai mengine kama ya mshahara.